Ulimi wa Dalali wa Gulwe

Gulwe,
8 Julai 2024

Kwako Sila, Mgogo usiye na haya,

Salamu sina. Wenzangu wakiandika barua wanaanza, "mimi mzima, hofu kwako." Hofu kwako sina. Ningesikia umeng'oka meno yote ningechinja kuku. Dhumuni la barua hii ni kukutukana, na naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, mimi Swedi Mbwana, niliyejifunzia herufi kwenye ngumbaru nikiwa na ndevu, mwalimu mdogo kuliko shati langu. Namba yako nimeifungia kwenye simu. Sauti yako sitaki kuisikia. Barua anakuletea Luka, konda wa basi, na nimemwambia akukabidhi kwa vidole viwili, kama anayeshika mkia wa panya.

Najua watani tuna ruhusa. Babu yangu Mnyamwezi alipita kwenu na pembe begani, babu yako akamkalia kisimani akidai hongo ndipo anywe maji. Toka hapo mimi na wewe tunatukanana kihalali. Kwa hiyo ulipokuja kwenye msiba wa kaka yangu Hamza nilijua vurugu imefika. Ulilala njiani mbele ya jeneza ukasema halipiti mpaka tukupe chochote. Sawa. Ukavaa kanzu ya marehemu ukatembea kama yeye, ukakohoa kama yeye. Sawa pia, ndiyo kazi ya mtani, watu wapumue. Hata Hamza mwenyewe alicheka ndani ya sanda, nilimsikia.

Lakini baada ya hapo! Ukasimama katikati ya waombolezaji ukaanza kuburuza mguu wa kulia. Ukashika kikombe cha kahawa, kikakudondoka. Ukavuta mdomo upande kama punda aliyetafuna mwiba, mate yakakutiririka, ukawa unasema "be-be-be" kama mbuzi aliyebanwa mlangoni. Watu wakacheka. Mke wangu Stara akacheka mpaka akashika ukuta. Na mimi nikacheka! Nikasema moyoni, Hamza hakuwa hivi, huyu Mgogo anamwigiza nani? Binti yangu Salwa ndiye aliyeacha kucheka wa kwanza. Akanitazama. Halafu mkeka mzima ukanitazama.

Mimi! Dalali wa mbuzi ambaye mnada wa Gulwe haufunguki mpaka nikohoe! Mimi niliyemuuza beberu kipofu kwa kusema ni mcha Mungu, hatazami wake za watu! Toka siku ile mnunuzi akija ananitazama mdomo kabla hajamtazama mbuzi. Dalali bila ulimi ni nani? Ni mzee aliyesimama juani kashika kamba ya mbuzi wa mwenzie. Umetaka kuniua njaa.

Utani ukivuka mpaka una faini, na unaijua. Lete kondoo, uje uombe radhi mbele ya watu walewale.

Ni mimi, nisiye wako,
Swedi Mbwana


Miyuji, Dodoma,
14 Julai 2024

Swedi,

Kondoo sileti. Radhi siombi.

Aliyekwambia nilikuwa naigiza marehemu ni nani? Kanzu ilikuwa ya Hamza, mguu ulikuwa wako.

Asubuhi ile kabla ya mazishi tulikaa mkeka mmoja. Kikombe kilikutoka mkono wa kulia, kahawa ya moto ikakumwagikia, hukushtuka. Mdomo ukashuka upande. Ukataka kumwita Salwa, ukatoa maneno ambayo si Kiswahili, si Kinyamwezi, hata Kigogo si. Ukainuka, na mguu ukawa unakufuata nyuma kama mbuzi asiyetaka kwenda mnadani. Kikombe cha pili kilipopoa ulikuwa mzima, unasimulia uongo wako.

Nikakwambia, Swedi, twende hospitali sasa hivi. Ukajibu nini? "Mgogo anatafuta lifti ya kurudi mjini." Wakacheka. Nikarudia, wakacheka zaidi. Nikamvuta mkeo pembeni, akanipiga na kanga, akasema shemeji acha vituko. Hiyo ndiyo shida ya kuwa mtani wako. Nikisema nyumba inaungua mtaniuliza kama nimekuja na mahindi ya kuchoma. Nikaona basi, maneno yangu hayana kazi, ngoja niwaonyeshe. Wakaona. Hata wewe umeona, ndiyo maana umekasirika.

Mimi kila mwezi nakaa kwenye benchi la kliniki ya presha. Binti yangu Anyesi ananipeleka kwa kunisukuma. Pale tunaimbiwa mpaka tunasinzia: uso ukishuka, mkono ukifa, ulimi ukikwama, ghafla, upande mmoja, ujue damu haifiki kwenye ubongo. Kiharusi hicho. Na ikipita yenyewe usishangilie. Huyo ni mwizi amekuja kutikisa mlango aone kama umefungwa. Atarudi.

Nenda hospitali. Sikuombi, nakufokea.

Sila


Gulwe,
23 Julai 2024

We Sila,

Eti mwizi. Mwizi gani anayekuja mchana kwenye mkeka wa msiba, watu wote wapo, anaiba kikombe kimoja cha kahawa?

Nisikilize, maana huna elimu na mimi pia sina, lakini yangu kutokuwa nayo ni kubwa zaidi. Mguu huu wa kulia ndio niliompigia fisi teke pale Godegode. Fisi akaruka, akaingia kwenye behewa la mizigo lililokuwa linapita, akashukia Kilosa. Mpaka leo yuko huko, ana wajukuu, akisikia honi ya treni anajikojolea. Mguu wenye historia hiyo hauna haki ya kuchoka? Mkono niliulalia. Ulimi nao umenadi mbuzi toka wewe unatembea bila suruali, haujapata likizo hata moja. Serikali yenyewe inatoa likizo. Ulijipumzisha, ukarudi kazini. Wewe ndiye uliyetaka ubaki huko huko.

Mimi mzima. Juzi tu mnadani jicho la kushoto lilifunga pazia kidogo, nikamnadi jike kwa sifa za dume, mnunuzi akapiga kelele, tukacheka, pazia likafunguka. Vumbi. Upepo wa Julai unaujua, unaweza kumvua mtu nyusi.

Lakini kwa kuwa Stara hanipi usingizi nimekwenda kwa mtaalamu. Si wa benchi. Zablon, yule wa kule mlimani. Akatazama maji kwenye bakuli, akatazama tena, akaniuliza, "Kuna mtu aliyekuigiza mbele za watu?" Sila, nywele zilisimama. Sikuwa nimemwambia kitu. Nikasema yupo. Akasema, "Alichokuigiza ndicho alichokuvika."

Nikabisha. Nikasema yule Mgogo ni mpumbavu tu. Lakini nikafikiria njiani. Nani aliuona mguu wangu ukiburuzika kabla hujauburuza wewe? Hakuna. Nawauliza watu, wote wanasema wameuona siku ile ile. Uliuleta na miguu yako, ukaniachia, ukapanda basi.

Basi sikia. Kondoo sitaki tena. Utani umekwisha. Mtu hataniani na mchawi. Na vijana wa hapa nimeshawaambia, ukikanyaga Gulwe wajue la kufanya.

Swedi


Miyuji,
30 Julai 2024

Swedi Mbwana,

Umeniita mchawi kwenye karatasi, na Luka konda ameisoma na abiria wake, maana bahasha uliifunga kwa ugali.

Unajua neno hilo linafanya nini. Unamjua bibi wa kule kwetu aliyevunjiwa nyumba kwa sababu ya macho mekundu, na macho yenyewe yaliharibiwa na moshi wa kuni. Mimi nina macho mekundu, Swedi. Nina mvi. Nina adui mwenye ulimi mrefu anayenitangaza mnadani. Wewe unaona umeandika barua. Umewapa vijana panga.

Umesema utani umekwisha. Vizuri. Sasa nakuambia kama adui, na adui hana sababu ya kukuchekesha. Nataka uishi. Nataka ulimi wako ubaki mzima, usikwame hata kidogo, ili siku moja usimame palepale uliponitangaza ulimeze neno lako mbele ya watu na mbuzi. Maiti hailimezi. Bubu halimezi. Ukifa sasa nitabaki mchawi mpaka kaburini, na kaburi langu watalitupia mawe.

Jicho kufunga pazia si vumbi. Vumbi linawasha, vumbi linatoa machozi. Hili lilizima na kuwaka kama taa. Ni mwizi yuleyule, amejaribu mlango, sasa anajaribu dirisha.

Nenda hospitali. Ukipona, ufe kwa kitu kingine, sitakuzuia.

Sila


Gulwe,
6 Agosti 2024

Shemeji Sila,

Salaam. Sikuandikii kwa mapenzi. Nilicheka kwenye msiba wa shemeji yangu kwa ajili yako, kumbe namcheka mume wangu. Hilo sijakusamehe, na sijui kama nitakusamehe.

Barua zako nimezikuta kwenye koti lake. Hakuzichoma. Anazisoma, anasonya, anazikunja, kesho anazisoma tena. Hapa nikiuliza kitu, nusu ya watu wananitajia majini na nusu wananitajia wewe. Ndiyo maana nakuuliza wewe mwenyewe.

Kuna jambo hakukuambia. Mwaka jana zahanati walimpima presha wakampa vidonge, wakamwambia ni vya kila siku. Akanywa, akajisikia vizuri, akaacha. Akasema aliyepona anakunywa dawa ya nini? Vilivyobaki alimlisha beberu mmoja mkali, akalegea, akamuuza kama mpole. Huyo ndiye mume niliye naye.

Sasa nieleze. Kichwa kinamuuma karibu kila jioni. Nimkimbize kila jioni? Mimi mwenyewe nikisuka mikeka vidole vinakufa ganzi. Na mimi nikimbie? Mdogo wangu ana kifafa toka utoto, akianguka wanamwekea kijiko mdomoni, mwaka huu kimemvunja jino. Kipi cha kungoja na kipi cha kukimbilia? Nijibu bila utani. Nikiona utani hata mmoja nawashia jiko.

Stara, mama Salwa


Miyuji,
11 Agosti 2024

Mama Salwa,

Bila utani. Nimemuuliza na Anyesi, na pale kliniki nimeuliza tena mpaka nesi akaniuliza nina wagonjwa wangapi.

Vidole vyako kufa ganzi ukisuka, ukavikung'uta vikaamka, hiyo ni kazi. Pumzisha mkono. Ikiendelea hata usiposuka, au mkono ukianza kukosa nguvu, nenda zahanati, lakini nenda kwa miguu yako, hakuna mbio. Kichwa cha jua, cha njaa, cha kupigizana kelele na Swedi, kunywa maji ukalale. Cha kila jioni kama chake akapimwe wiki hii, hasa mtu wa presha. Ila kichwa kikija ghafla kama shoka, ambacho hujapata kuumwa maishani, au kikija na homa na shingo ngumu, au mtu ameanguka akajigonga kisha anatapika na kusinzia ovyo, au haeleweki anachosema, hapo usingoje hata uji uive.

Mdogo wako waache kumwekea kijiko. Meno yanavunjika, na ulimi haumezwi kama watu wanavyosema. Wamlaze ubavu, waondoe mawe na jiko karibu yake, wasimkandamize. Ikipita dakika tano anatetemeka tu, au akirudia kabla hajazinduka, ni hospitali. Na mtu mzima akianguka kifafa ambacho hajapata kuwa nacho, hospitali hiyohiyo siku hiyo.

Sasa mumeo. Ukiona hayuko sawa, mwambie acheke, tazama mdomo. Mwambie anyanyue mikono yote miwili, tazama upi unashuka. Mwambie aseme neno. Akigoma, mwambie anitukane mimi, hilo hagomi. Tusi likikatika katikati, kimbia. Katika hayo kimoja tu kinatosha, usingoje vitimie. Usimpe chai wala maji wala kidonge, atapaliwa. Kumbuka imeanza saa ngapi, watakuuliza. Usipitie kwa Zablon. Na usikae kuangalia kama itapita.

Vidonge aanze tena, lakini apimwe kwanza. Asichukue vya jirani, na beberu atafute vyake. Samahani, hicho kimeponyoka.

Kuja mwenyewe siwezi. Njia ya Gulwe mumeo ameniwekea vijana.

Sila


Mpwapwa,
2 Septemba 2024

Shemeji Sila,

Yuko hai. Nimelitanguliza hilo kwa sababu yanayofuata si mazuri kwako.

Ilikuwa siku ya mnada. Mimi nilikuwa nauza chai pale pale, yeye anamnadi jike kwa mtu wa Kolo aliyekuja kununua kwa jumla. Kamba ikamtoka mkono wa kulia. Mbuzi akaondoka zake. Yeye akabaki ameshika hewa, ananadi. Nikamkalisha. Nikamwambia cheka, mdomo ukaenda upande mmoja. Nikamwambia nyanyua mikono, wa kulia ukabaki mapajani. Nikamwambia, baba Salwa, mtukane Sila.

Akakutukana. Shemeji, tusi zima, refu, la kwamba mlizaliwa kisimani mkanyonyeshwa na chura, halikukwama popote. Mnada mzima ukapiga makofi. Wakasema ulimi huo mzima kabisa, mkalisheni kivulini, ni jua. Na mimi nikasimama. Uliandika tusi likikatika. Halikukatika. Nikamkunjia kanga chini ya kichwa, nikangoja. Kwa sababu ya barua yako, nikangoja.

Halafu nikainama nikamuuliza, mimi ni nani? Akanitazama vizuri, macho yake yaleyale. Akasema, "Jembe." Nikarudia. "Jembe," akasema, na jicho likalia. Alijua ameshalikosea, na hakuweza kulirudisha.

Hapo ndipo nikakumbuka uliandika kimoja tu kinatosha. Nikapiga yowe. Basi la Luka lilikuwa linapakia, akashusha watu na magunia yao, tukamlaza ubavu kwenye siti ya nyuma. Zablon alitufuata na kibuyu chake, Salwa akamfungia mlango.

Hapa hospitali walishughulika naye, kesho kutwa wanamleta Dodoma apigwe picha ya kichwa. Usije. Akikuona presha itapanda. Daktari nilimweleza habari ya tusi, akatikisa kichwa. Ati mtu anaweza kupoteza maneno yote akabakiwa na matusi, viapo, salamu, na nyimbo, maana hayo ulimi umeyazoea hayaombwi. Hukulijua hilo? Umejua dakika za kifafa, umejua kijiko, hilo hukulijua? Ule muda niliongoja nimeuweka shingoni kwako.

Mkono wa kulia umelala. Mguu unajitahidi. Lakini ulimi, shemeji. Jana alitaka maji akaomba "paa". Mume akiwa mkulima akapoteza maneno atalima. Dalali atafanya nini?

Stara


Miyuji,
9 Septemba 2024

Mama Salwa,

Sikulijua. Niliandika lile la tusi nikajiona mjanja. Sina la kuongeza. Haya hapa chini msomee yeye, kwa sauti, hata akikunja uso.

Swedi,

Nasikia umepoteza maneno yote umebaki na matusi. Madaktari wanahangaika bure, toka nikujue hujawahi kuwa na kingine.

Umelala hapa hapa mjini, ni mwendo wa asubuhi kutoka kwangu, na sikuja. Sikuja kwa sababu mkeo amenikataza, na kwa sababu nina macho mekundu na ndugu zako wanakaa mlangoni. Utani uliufunga wewe kwa mdomo wako mwenyewe. Kwa kuwa mdomo huo sasa haufai, mimi naufungua. Una deni la neno moja kwangu, na nilikwambia ni wapi pa kulimezea. Nitakungoja. Kama utakufa kabla, nitakuja kulala mbele ya jeneza, na safari hii sitoki.

Sila


Gulwe,
17 Novemba 2024

We Sila,

Naandika kwa kushoto. Mkono wa kulia umestaafu bila kuaga. Herufi zimelala, usizicheke, zimetoka mbali. Salwa amekaa hapa, nimemkataza kunisahihisha. Barua hii nimeianza toka wiki ya juzi, neno likigoma naliacha, likirudi naliandika.

Nataka kikombe, linatoka sufuria. Nataka Stara, linatoka jembe. Siku hizi anaitika hivyohivyo, "Abee," lakini anageuka kwanza nisimwone uso. Kuna mama mmoja hospitali ananifundisha kusema. Ananionyesha picha ya ng'ombe. Namjua ng'ombe! Nimekula ng'ombe! Nasema, "Jumapili." Zamani uongo niliutafuta mwenyewe kwa jasho. Sasa ulimi unadanganya wenyewe, hauniulizi. Cheka. Najua unacheka.

Vidonge nakunywa. Stara anasimama mbele yangu mpaka nimeze, halafu ananifungua kinywa anachungulia, kama mnunuzi anayekagua meno.

Jana walinipeleka mnadani. Fimbo huku, Salwa huku. Walinipa kamba ya mbuzi mmoja mzuri, mweusi, ili nijisikie. Nikafungua mdomo kumnadi. Neno likakataa. Sila, nimesimama mbele ya mbuzi, nimemshika mbuzi, mbuzi ananitazama, na sina neno mbuzi. Nikasema "kiti." Mtu mmoja akakohoa. Wengine wakatazama viatu vyao.

Zablon alikuwepo. Akasema kwa sauti, ili wote wasikie, "Mmeona? Ndiyo kazi ya yule mchawi wa Miyuji."

Hasira ilinipanda toka kwenye mguu uliokufa. Nikafungua mdomo, tusi likatoka lote, limenyooka kama reli. Nikasema Sila wa Miyuji hawezi kuloga hata kuku wake, kuku mwenyewe anakwenda kutaga kwa jirani kwa aibu. Nikasema akili ya kuloga angeitolea wapi, kichwa chake akikitikisa kinalia kama kibuyu kikavu. Nikasema anayemwita Mgogo yule mchawi anampa sifa asiyoistahili, na hiyo sifa niliyompa mimi kwa ujinga wangu naichukua, nirudishieni. Na anayetaka kumpiga Sila aniombe kibali, maana wa kumpiga ni mimi. Wakacheka, Sila. Wale vijana niliowaambia walikaa chini wakacheka. Zablon akaondoka na kibuyu chake.

Na nyuma ya tusi, kwenye mkia wake, likatoka neno. Mbuzi. Lenyewe. Nikalishika. Nikasema mbuzi, mbuzi, mbuzi, nikamuuza yule mweusi kabla halijakimbia.

Mama wa hospitali nimemweleza, anasema hasira inaweza kusukuma, nisiiache, nifanye na mazoezi ya picha pia.

Kwa hiyo radhi siombi. Radhi ni maneno laini, na laini ndiyo yaliyopotea. Wala usiniombe wewe, yako anaidai Stara kwa ule muda aliongoja, na ana kisu cha kitunguu mkononi. Mnada ujao panda basi la Luka. Ukishuka usiniulize hali yangu, usinishike mkono, usinihurumie hata kwa jicho, nitakupiga fimbo. Anza kunitukana toka mlangoni, kwa nguvu, watu wote wasikie. Ukiniona nimekwama, ongeza.

Mbuzi ni wengi.

Swedi